Mimea Hai Kwenye Tangi la Samaki: Vidokezo 9 vya Kuanza Vizuri

Tangi lako lina mawe, lina taa, lina gapi wanaorandaranda, na lile ua la plastiki la rangi ya waridi ambalo limeshaanza kuota utando wa kahawia. Litoe! Mmea hai hunyonya amonia na naitreti zinazotokana na uchafu wa samaki, humpa samaki pa kujificha, tena huunyang'anya mwani chakula. Huhitaji mtungi wa gesi ya kaboni wala taa ya bei ya kutisha. Twende kazi.

1. Anza na mimea migumu kufa

Chaguo langu la kwanza ni anubiasi. Huyu ni mzaliwa wa Afrika: kwao ni kandokando ya vijito vya misitu ya Kamerun, Nigeria, Gaboni na Kongo, ambako hung'ang'ania mawe na magogo kivulini. Jani lake ni nene na gumu, hata samaki wenye tabia ya kudonoadonoa hulishindwa. Javafeni na javamosi, zenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, nazo huridhika na mwanga hafifu. Honiwoti haina hata mizizi. Iache ielee tu, na baada ya muda mfupi utakuwa unaikata na kuwagawia majirani. Ukitaka majani marefu yanayoyumba nyuma ya tangi, chukua valisneria, ambayo huota yenyewe hata katika Ziwa Tanganyika na haigombani na maji yenye chokaa. Ile mimea myekundu inayokukonyeza dukani iache kwa sasa. Inataka mwanga mkali na gesi ya kaboni, na utaifikia ukishazoea.

2. Kagua kwanza, lipa baadaye

Usione haya kumwomba muuzaji autoe mmea majini. Kwenye anubiasi na javafeni, tafuta kile kishina kinene kilicholala, majani yakiwa juu yake na mizizi chini. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu, safi. Kikibonyea na kutoa harufu mbaya, rudisha. Kisha geuza majani na uangalie upande wa chini: ukiona tone la utelezi linaloangaza, lenye vidoti ndani, hayo ni mayai ya konokono. Na jihadhari na ile inayoitwa mianzi ya bahati. Si mwanzi wala si mmea wa majini, na ukiizamisha yote itaoza.

3. Usijichotee ziwani wala mtaroni

Najua, mimea ipo tele na haina bei. Lakini konokono wa maji baridi wa huku kwetu, hasa Bulinus na Biomphalaria, ndio wanaobeba minyoo ya kichocho. Kuingia majini kuchuma mmea kunatosha kukuambukiza, kwa kuwa vijidudu hivyo hupenya ngozi. Na konokono mwenye maambukizi akidandia jani hadi nyumbani, ataendelea kuviachia humo humo tangini unamotumbukiza mkono kila wiki. Nunua dukani, au omba kipande kwa mfugaji mwenzako.

4. Mmea haupiti bila josho

Hapa ndipo wengi huruka hatua, nami nakusihi usiruke. Mmea ukifika nyumbani, vua kile kikopo chake na uchambue taratibu kwa vidole ule sufi wa kijivu ulioshika mizizi, hadi uishe. Suuza kwa maji ya bomba yanayotiririka. Kisha josho lenyewe.

Kwa anubiasi na javafeni: jiki ya kawaida isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji, na usizidishe dakika 2. Vaa glavu, fungua dirisha, na usiichanganye na siki wala sabuni yoyote. Ukimaliza, suuza sana, kisha loweka kwenye ndoo ya maji yenye dawa ya kuondoa klorini hadi harufu iishe kabisa.

Honiwoti, valisneria na javamosi hazistahimili jiki. Zitakufa mikononi mwako. Hizo zipe shabu, ile ile ya sokoni inayosafishia maji. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wake kwa lita 4 za maji, uloweke saa mbili au tatu, kisha usuuze vizuri. Konokono wengi hapo wataachia wenyewe.

5. Kisha karantini, hata kama una hamu

Josho haliui kila yai. Weka mmea kwenye ndoo nyeupe au chupa kubwa ya kioo, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja, kwa wiki mbili hadi tatu. Badilisha maji mara kwa mara. Konokono wakianguliwa, utawaona kirahisi kwenye weupe wa ndoo na kuwatoa. Ukumbuke tu kwamba maji ya bomba yana klorini: tumia dawa ya kuiondoa, kwani maji mengine hayaponi kwa kulazwa tu kwenye ndoo.

6. Fungia uzi, usizike

Anubiasi na javafeni huuawa na upendo wa mwenyewe: anazika kile kishina mchangani ili "kishike", nacho kinaoza. Chukua jiwe au kipande cha gogo, kalisha kishina juu yake, zungusha uzi wa pamba mara mbili tatu na ufunge. Mizizi itashika jiwe na uzi utaoza wenyewe baadaye. Huna subira ya uzi? Tone la supagluu ya jeli, bonyeza kidogo, imekwisha. Valisneria ndiyo ya kupanda mchangani: mizizi ndani, shingo nje.

Ukiishi pwani, mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe na matumbawe vinavyopandisha pH ya maji. Udondoshee siki. Ukitoa povu, tafuta mwingine.

7. Taa saa 6 hadi 8, basi

Kuwasha taa tangu alfajiri hadi usiku hakukuzi mmea haraka, kunakuza mwani. Taa ya kawaida ya LED inatosha, na taima ya soketi itakumbuka kwa niaba yako. Sogeza tangi mbali na dirisha la jua kali. Umeme ukikatika jioni, mimea haitakulaumu. Pampu ya hewa, hata hivyo, iache ifanye kazi usiku, kwa sababu gizani mimea nayo hutumia oksijeni.

8. Majani yakiyeyuka, usiing'oe

Mimea mingi ya dukani ilikuzwa kitaluni, majani yakiwa nje ya maji. Ikizama kwako, majani ya zamani huweza kugeuka rangi ya chai na kulegea. Usikate tamaa! Kata yaliyooza ili yasichafue maji, kishina na mizizi uviache. Angalia katikati: kikitokeza kijani kipya, umeshashinda. Na tafadhali, usikimbilie mbolea ya shambani. Yurea na DAP huleta amonia majini, na amonia huua samaki. Samaki wako wanatoa mbolea ya kutosha kwa mimea hii.

9. Ulichokata kisifike mtoni

Magugumaji yalianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Asili yake ni Amerika Kusini, na duniani yalisambazwa sana na watu walioyapenda kwa ua lake zuri. Waulize wavuvi wa Kisumu mashua inapokwama katikati ya zulia lile la kijani. Kwa hiyo kila unapopunguza mimea yako, anika vipande juani hadi vikauke kabisa, kisha vitie kwenye mboji au pipa la taka. Konokono nao wasimwagwe nje. Mtoni, ziwani au kwenye mtaro wa mtaani, usitupe hata kipande kimoja.