Harimu ya Ziwa: Somo kutoka Kibenga



Ndugu zangu, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za Kibenga kama yalivyoingia Gatumba. Tumewaombea waliohama. Sasa tujiulize: kati ya ziwa na nyumba palipaswa kuwa na nini?

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inajibu: mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe bila majengo. Hapo ndipo mahali pa matete na mafunjo. Mimea hiyo hupunguza kasi ya maji yanayoshuka milimani na hushika udongo, na watoto wa ngege hujificha humo. Haizuii ziwa kupanda, lakini ardhi hiyo hulipa ziwa nafasi ya kupanda bila kumdhuru mtu.

Jambo hili si geni kwetu. Katika fiqhi kuna harimu: eneo linalozunguka kisima, chemchemi au mto, ambalo mtu halifanyi lake, ili maji yabaki salama na kila mtu ayafikie. Imamu Abu Hanifa alikadiria dhiraa 40 kwa kisima. Madhehebu yanatofautiana vipimo, ila msingi ni mmoja: kuzuia madhara.

Basi kwa nini sheria ipo na matete yanapungua? Sheria peke yake haipandi tete. Mama anayelima mboga ukingoni, mvuvi, na anayekata matete ya kusuka mikeka, wote wanaishi kwa ardhi hiyo. Miche ikipandwa juu ya shamba la mtu bila kuzungumza naye, usitegemee atailinda. Na mnyonge akiondolewa huku ghorofa ya tajiri ikibaki, watu hawataona sheria, wataona dhuluma.

Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unataka wananchi washirikishwe katika maamuzi. Sisi tunaiita shura. Na shura ina masharti yake:

1. Watu waulizwe kabla ya uamuzi. Kuwaita baadaye ni kuwatangazia tu.
2. Anayepoteza shamba aonyeshwe riziki nyingine, kama haki ya kuvuna matete kwa zamu.
3. Mpaka uwe mmoja kwa mkubwa na mdogo.

Kazi ya darasa lijalo: nendeni ukingoni, wawili wawili. Msiende kuhubiri. Waulizeni wazee maji yalifika wapi zamani, na akina mama wangekubali nini ili waache kulima ukingoni. Andikeni majibu yao kwa maneno yao, kisha tumpelekee mkuu wa mtaa.

Maji ni amana, na amana hailindwi na mtu mmoja. Allah atuwafikishe. Amin.