Faili Lisilofutika na Barua Pepe ya Ulaghai: Mwongozo kwa Watumiaji wa Kompyuta Migori na Homa Bay

Kijitabu hiki ni chako wewe unayetumia kompyuta ya nyumbani, ya ofisini au ya saiba: mwalimu wa Awendo anayechapisha hati ya mshahara, karani wa Sacco ya bodaboda Oyugis, mweka hazina wa kikundi cha wavuvi Mbita, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya. Kinazungumzia mambo mawili ambayo watu huyatenga, ilhali mara nyingine moja huzaa jingine: faili linalokataa kufutika na barua pepe ya ulaghai.

Faili likigoma

Usikimbilie kusema ni virusi. Mara nyingi kuna programu inayolishikilia. Ulifungua barua katika Word, ukaishusha chini ya skrini, ukasahau. Funga programu zote ujaribu tena. Likikataa bado, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafute programu hiyo kwenye orodha uisimamishe. Kuzima kompyuta na kuiwasha upya humaliza visa vingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Huenda pia faili ni la mtumiaji mwingine, nawe huna ruhusa nalo. Au jina lake pamoja na majina ya folda zake limepita herufi 260, kikomo cha zamani cha Windows. Hapo fupisha majina ya folda kwanza. Usipakue programu ya bure usiyoijua eti ikusaidie kufuta, na usiguse mafaili yaliyo ndani ya folda ya Windows. Mwaka 2002 barua pepe ilizunguka duniani ikiwaambia watu wafute faili lenye picha ya dubu, kwamba ni virusi. Lilikuwa faili halali la Windows, na waliolifuta walifanya hivyo kwa mikono yao wenyewe.

Flashi iliyotoka saiba

Unachomeka flashi, unakuta folda zako zote zimegeuka shotikati ndogo zenye mshale pembeni. Usibofye hata moja, kwa maana kubofya ndiko huamsha virusi. Kazi yako kwa kawaida haijapotea, imefichwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha andika amri hii, E ikiwa ni herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili hati na picha zako pekee, uzikague kwa antivirusi, ndipo uifomati flashi. Fuata utaratibu huo huo wala usiupindue. Mhudumu mwenye haraka huanza kwa kufomati, na kazi ya muhula mzima ikaenda. Kompyuta nayo isafishwe, la sivyo flashi itaambukizwa tena dakika hiyo hiyo.

Barua isiyo ya kweli

Msimu wake mzuri ni Juni, kwa kuwa makataa ya kuwasilisha ritani za KRA ni tarehe 30. Barua itasema una pesa za kurudishiwa, au akaunti yako inafungwa leo. Zamani tulitambua walaghai kwa lugha mbovu. Siku hizi wanaandika vizuri, kwa hiyo alama hiyo usiitegemee tena, tazama anwani.

Anwani ya tovuti isome kutoka mwisho, kuanzia kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Katika itax.kra.go.ke, mwisho ni go.ke, unaotolewa kwa taasisi za serikali ya Kenya pekee. Lakini kra.go.ke.marejesho.info si ya KRA hata kidogo: mwenyewe ni marejesho.info, na maneno yaliyotangulia ni pambo. Kwa jirani zetu wa Isebania wanaohudumiwa pia upande wa Sirare, serikali ya Tanzania hutumia go.tz. Ukiwa na shaka, acha kiungo, andika anwani mwenyewe.

Viambatisho navyo vina hila. Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilisambaa kwa faili lililoonekana kuwa barua ya mapenzi ya .TXT, kumbe mwisho wake halisi ulikuwa .vbs, ambao Windows huuficha. Agiza kompyuta ionyeshe miisho ya majina ya mafaili. Ankara inayoishia .pdf.exe si ankara.

Tena, wengi wetu tulifunguliwa barua pepe na mhudumu wa saiba, kwa nambari yake ya simu na neno la siri analolijua. Badilisha vyote viwili, na ondoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Ukishanaswa

Badilisha neno la siri kwa kutumia kifaa kingine, washa uthibitisho wa hatua mbili, na upigie benki yako simu mara moja. Piga ripoti polisi, au kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtoza mlaghai wa namna hii faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Barua yenyewe usiifute: ndiyo ushahidi wako.