Watoto Walio Nje, Siku Mbili Zilizopita: Kupanga Maneno ya Mahali na Wakati kwa Kiingereza

Ukitaka kusema kwa Kiingereza "watoto walio nje wanacheza", huenda kalamu ikakuandikia "The children of outside are playing." Chanzo cha kosa hili ni Kiswahili chenyewe, ambacho hupenda kufunga nomino na neno la mahali kwa kiungo: watoto wa nje, nyumba za jirani, watu walio juu. Hizo "za" na "walio" ndizo zinazokumbusha pia kwamba tunazungumzia wengi. Kiingereza hakidai kiungo hicho. Neno la mahali huwekwa moja kwa moja nyuma ya nomino: "the children outside", "the houses nearby", "the people upstairs". Wingi umeshaonekana kwenye nomino, kwa hiyo "outside" haibadiliki hata kidogo, awe mtoto mmoja au watoto mia.

Tutahitaji majina mawili ya kisarufi. Kielezi ni neno linalojibu wapi, lini au vipi, na linajitosheleza: "upstairs", "there", "later". Kihusishi ni neno dogo linalodai nomino baada yake. Ukisema "under", msikilizaji anasubiri aambiwe chini ya nini. Yapo maneno yanayofanya kazi zote mbili. Katika "the children outside", neno la mwisho ni kielezi. Katika "the children outside the shop", neno hilohilo limekuwa kihusishi kwa sababu duka limefuata. Kwa hiyo usihangaike kukariri orodha. Tazama tu kama kuna nomino baada yake. "Near" nayo ijaribu hivyohivyo: "the houses near the river" ni sawa, lakini ukiondoa mto, andika "the houses nearby".

Je, baada ya "outside" tuweke "of"? Wamarekani wengi husema "outside of the shop", na si kosa kwao. Kwa mwanafunzi wa shule zetu, zinazofuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, "outside the shop" ni salama zaidi. Lakini "in front of" na "next to" haziwezi kukatwa: "the women in front of the clinic", "the shops next to the market".

Swali linalowasumbua wengi ni hili: maneno mawili ya mahali yakikutana nyuma ya nomino, lipi litangulie? Kwa kawaida kielezi hutangulia kikionyesha upande kwa jumla, kisha kihusishi na nomino yake huja kutaja mahali penyewe. "The boats out at sea." "The men up on the roof." "The women down by the river." Ukigeuza ukaandika "the men on the roof up", sentensi imevunjika. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana nasi husema "wanaume walio kule juu ya paa", tukitanguliza "kule" kabla ya kutaja paa. Ukiwa na shaka, sema sentensi kwa Kiswahili ukitumia "kule" au "pale", na mara nyingi utajua kipi kianze.

"From" ina nafasi yake ya pekee. Yenyewe hupenda kusimama mbele ya kihusishi au kielezi kingine: "the shoes from under the bed", "voices from behind the wall", "the neighbours from upstairs". Ni sawa kabisa na "kutoka chini ya kitanda", kwa hiyo usiogope vihusishi viwili kufuatana. Wa kuogopa ni "to". Mwenzake huyu hakai mbele ya "home", "outside" wala "upstairs" mtu anapokwenda huko. Wanafunzi wanaorudi nyumbani ni "the pupils going home", si "going to home".

Kwenye wakati ndiko makosa yalikojaa, na ningeomba utulie hapa zaidi. Kiswahili husema "siku mbili zilizopita", na Kiingereza nacho huweka neno la wakati mwishoni, ila idadi hutangulia nomino: idadi, nomino ya wingi, kisha kielezi. "Two days ago." "Three weeks later." Tatizo huanza tunapotafsiri "kabla ya" na "baada ya" neno kwa neno. Mtu anaandika "I came before two days" akimaanisha alikuja juzi; sahihi ni "I came two days ago". Mwingine anaahidi "I will come back after two days" akihesabu kuanzia leo. Mwingereza angesema "in two days" au "in two days' time". "After" hufaa zaidi pale unapotaja tukio: "two days after the wedding".

Tofautisha pia "ago" na "before". "Ago" huhesabu kurudi nyuma kuanzia sasa hivi. "Before" na "earlier" huhesabu kurudi nyuma kuanzia wakati mwingine uliokwisha kutajwa: "She died in 2010. Her husband had died three years before." Mume alifariki 2007. Ukiweka "ago" hapo, msomaji atahesabu kuanzia leo, na hesabu yote itaharibika. Halafu kuna "tangu". "Nimekaa hapa tangu mwaka 2015" ni "since 2015", lakini muda wa miaka miwili ni "for two years", kamwe si "since two years".

Umbali hufuata njia hiyohiyo. "The school is three kilometres away" au "three kilometres from the road". Sentensi ninayoikuta mara kwa mara ni "three kilometres far from the road". Ukishataja kipimo, "far" haina nafasi tena.

Sasa kitenzi. Baada ya "The keys to the gate", tuandike "is lost" au "are lost"? Jicho linaona "gate", umoja, na mkono unaandika "is lost". Kiswahili hakituachi tukosee hivyo, kwa sababu tunasema "funguo za geti zimepotea", na "zi" inatazama funguo. Fanya hivi: funika kwa kidole maneno yote kuanzia kihusishi hadi kabla ya kitenzi. Inabaki "The keys ... are lost". Ukifunika "of the boys outside" katika "One of the boys outside is crying", inabaki "One ... is crying", na hapo unaona kwa nini si "are", ingawa wavulana ni wengi.

Kuna nomino ambazo kihusishi au kielezi kimeingia ndani yake. Mpita njia ni "passer-by". Wapita njia ni "passers-by". "S" hujiunga na mtu, kama "wa-" yetu inavyokaa mbele. Ndivyo ilivyo kwa "mothers-in-law", mama wakwe, na "runners-up", washindi wa pili. Lakini neno likiwa halianzi na nomino, "s" huenda mwishoni: watu wazima ni "grown-ups", na uchunguzi wa afya mara kwa mara ni "check-ups". Ukitaja wakwe kwa ujumla, sema "my in-laws". Hata vielezi vitupu hupewa wingi vikigeuzwa nomino, kama "ups and downs", yaani heri na shida za maisha.

Nomino nyingine zina kihusishi chake kilichochaguliwa na mazoea, na hakuna kanuni ya kukikisia: "reasons for", "answers to", "complaints about", "differences between". Hizi zitafute kwenye kamusi ya wanafunzi, si kamusi ndogo ya kutafsiri. Tovuti za Oxford Learner's Dictionaries na Cambridge Dictionary hazitozi chochote; utalipia bando tu. Andika "answer" na mifano itakuonyesha "to". Andika "passer-by" na wingi wake utatajwa. BBC Learning English nayo ina masomo ya bure. Kama huna simu ya intaneti, nenda maktaba ya umma iliyo karibu nawe uombe kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa wanaojifunza lugha.

Kwa mazoezi, gazeti la jana la Kiingereza linatosha. Chagua habari moja fupi, pigia mstari kila nomino ya wingi, kisha zungushia duara maneno ya mahali au wakati yanayoifuata. Nakili matano kwenye daftari, na chini ya kila moja andika sentensi yako mwenyewe kuhusu mtaa wako: majirani wa ghorofani, bodaboda pale getini, miaka iliyopita tangu ulipohamia. Mpe mwalimu au rafiki anayejua azipitie, na mwombe akuonyeshe neno lililokaa mahali pasipo pake badala ya kukuandikia sentensi upya.