Aliyeuza Kazi na Aliyeuza Saa Zake



Miongoni mwetu wapo ndugu na dada wanaojilipia sehemu ya karo kwa kalamu. Huandikia magazeti, hufasiri nyaraka, huhariri ripoti za watu, na hulipwa kazi kwa kazi. Halafu likizo ndefu inaingia, ofisi moja mjini Kampala inatafuta mtu wa kushikilia nafasi ya mfanyakazi aliyekwenda kujifungua, na mwandishi huyu anatia saini mkataba wa miezi mitatu. Wiki haijaisha anauliza: "Kazi niliyopewa nimeimaliza saa nne asubuhi. Kwa nini nikae hapa mpaka saa kumi na moja jioni?"

Wengine humwona mvivu au mwenye kiburi. Lakini swali lake ni la fiqhi, na wanazuoni walilijibu zamani katika mlango wa ijara.

Waliwagawa waajiriwa mafungu mawili. La kwanza ni ajiri mushtarak, mwenye kupokea kazi za watu wengi kwa pamoja. Mifano yao ilikuwa fundi wa nguo na dobi. Huyu ameuza kazi. Akishona usiku au mchana, kwa saa moja au kwa siku tatu, ni shauri lake, ila asipomaliza hana ujira. La pili ni ajiri khas, aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu, kama mchungaji wa mwezi mzima. Huyu ameuza muda wake. Akifika na kujiweka tayari, ujira wake umethibiti hata kama siku hiyo hakukuwa na la kufanya.

Mwandishi wetu, basi, alikuwa fundi wa nguo na sasa amekuwa mchungaji. Hakuna aliyemdhulumu kwa kumwambia akae. Alipokuwa akiandikia magazeti, makala isipochapishwa alikosa hata nauli. Sasa anapokea mshahara hata siku ambayo mkuu wake amesafiri na meza ni tupu. Hawezi kuchukua usalama wa mchungaji pamoja na uhuru wa fundi.

Hapa ndipo penye hatari kwa riziki yake. Saa tano asubuhi hana kazi, kompyuta iko mbele yake, na mhariri mmoja anamdai makala. Je, aandike? Ajiri khas hawezi kumfanyia mtu mwingine kazi katika muda aliokwisha kuuuza, ila kwa idhini ya mwajiri. Mahanafi wamefika mahali pa kusema kuwa akifanya hivyo, ujira wake hupunguzwa kwa kiasi cha alichokifanya. Kwa hiyo aombe ruhusa, tena kwa maneno yaliyo wazi. Wakuu wengi hukubali mtu asome au aandike kazi ikiwa imekwisha. Wapo pia wanaokataa, na hilo ni haki yao. Bila idhini, malipo ya makala ile yana doa, ijapokuwa hakuna aliyeona. (Na wale wanaochapa tasnifu nzima kwenye printa ya ofisi wanajijua.)

Sheria ya nchi nayo ina neno. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, kilichoandikwa katika kutekeleza kazi ya mwajiri ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Ripoti uliyoiandikia ofisi usiigeuze makala ya gazeti wiki inayofuata.

Lakini muda uliouzwa una mipaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida. Kilichobaki ni chako, na mwandishi mwenye akili atakipanga upya. Aliyezoea kuandika adhuhuri hana tena adhuhuri, bali ana saa ya baada ya Alfajiri, kabla ya kupanda taksi. Ukurasa mmoja kila siku katika saa hiyo ni bora kuliko kuibia saa za mtu.

Swala za faradhi nazo hazimo katika kilichouzwa. Mashafii, ambao wengi wetu tuko katika madhehebu yao, wamesema kuwa wakati wa tohara, wa faradhi na wa sunna zake za rawatib umetolewa ndani ya ijara, na ujira haupunguzwi. Hawakusema mtu akae nusu saa msalani akisoma simu kwa jina la udhu. Hapa Kampala Adhuhuri huangukia karibu na mapumziko ya mchana, basi haina shida kubwa. Alasiri ndiyo huponza watu. Huingia karibu na saa kumi, mtu akasema ataiswali nyumbani, kisha mvua ikanyesha, taksi zikakwama, na Magharibi ikamkuta barabarani. Iswali kabla ya kutoka ofisini. Ijumaa inahitaji mapatano, kwa kuwa kwenda Old Kampala au Nakasero na kurudi hakumalizwi na dakika kumi. Litaje kabla ya kutia saini, usingoje Ijumaa ya kwanza.

Turudi kwenye muda wenyewe. Katika Suratul Qasas, Nabii Musa (A.S.) anaajiriwa Madyan baada ya binti wa yule mzee kumsifu kwa nguvu na uaminifu. Mkataba wao ulikuwa wa miaka minane. Miwili ya kutimiza kumi iliachwa kwa hiari yake, na mzee alisema wazi kuwa hataki kumtia mashakani. Wajibu ulijulikana na hiari ilijulikana, kila mmoja akajua wapi pa kusimama. Wengi wa wafanyakazi wetu wa muda hawana karatasi ya namna hiyo. Huambiwa "tutaona", miezi mitatu ikawa saba, na kazi za kalamu walizoziacha zikachukuliwa na wengine. Ukiona mwezi wa tatu unaisha na mkuu wako amenyamaza, muulize mwenyewe, na jibu lake liandikwe.

Wallahu a'lam. Mwenye mkataba ambao hauelewi aulete kwenye darsa baada ya Magharibi, tuusome pamoja.