Mashine imefungwa ringi mpya: tuweke oili gani?

Fundi amemaliza kazi. Mashine ya kusaga ya kijiji, ile iliyokuwa ikitoa moshi wa buluu na kunywa oili kama maji, imefungwa ringi mpya za pistoni, na silinda imechongwa upya. Fedha zimetoka kwenye mfuko wa kijiji. Kina mama wamechoka kubeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Kila mtu anataka mashine iwashwe leo leo. Lakini kazi yote hiyo yaweza kuharibika ndani ya wiki moja, kwa sababu ya oili na haraka.

Kwanza tuzielewe ringi. Ringi ni pete ya chuma iliyovishwa pistoni. Huzuia nguvu ya moto isivuje kwenda chini, tena huzuia oili isipande juu ikaungua. Ringi mpya haijalingana sawasawa na silinda. Kwa hiyo fundi huacha mikwaruzo midogo iliyopishana ndani ya silinda. Ukichungulia usidhani ni uzembe! Mikwaruzo hiyo huzisugua ringi mpaka zikae vizuri. Kazi hii hufanyika katika saa za mwanzo za injini. Zikipita, mikwaruzo imesawazika na nafasi hiyo haipo tena.

Basi oili ya kuanzia inatakiwa ilinde chuma, lakini isizuie kusuguana huko. Mzee mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini tusinunue ile ya bei kubwa kabisa? Hii ni mali ya watu." Swali la haki. Oili ya bei kubwa mara nyingi ni ya kutengenezwa kwa kemia, na kopo lake lina neno SYNTHETIC. Oili hiyo ni nzuri, lakini inateleza mno kwa ringi mpya. Ukipaka jiwe la kunolea samli, panga litateleza tu, makali hayapatikani. Mafundi wengi wa injini husema anza na oili ya kawaida, ambayo kopo lake huwa na neno MINERAL. Hata bei yake ni nafuu.

Sasa kusoma kwako kuna kazi. Shika kopo, tafuta herufi SAE. Namba inayofuata ni uzito wa oili. SAE 40 ni nzito kuliko SAE 30. Ukiona 15W-40, maana yake haiwi nzito sana asubuhi ya baridi, na ikipata moto huwa na uzito wa 40. Namba ya kununua hutoka kwenye kitabu cha injini, si kwa mwenye duka. Halafu tafuta herufi API. Baada yake, herufi inayoanza na S ni ya injini za petroli, na inayoanza na C ni ya dizeli. Makopo mengine yana zote mbili. Mashine yetu ni ya dizeli, kwa hiyo C lazima iwepo. Oili ya kupima kwa chupa, isiyo na kopo wala maandishi, iache hapo hapo barabarani.

Oili ya kwanza haikai sana. Ringi zinaposuguliwa, vumbi la chuma huingia kwenye oili. Injini za mwendo wa polepole za aina ya Lister, zilizobuniwa Uingereza na kuigwa India, nyingi hazina chujio la oili, kwa hiyo vumbi hilo linazunguka humo humo. Fuata saa zilizoandikwa kitabuni. Imwage injini ikiwa bado na moto, na mbali na kisima. Ukiona inameta chembe ndogo ndogo usishtuke. Weusi nao ni masizi ya dizeli tu. Lakini ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: zima, umwite fundi.

Jambo moja watu hulikosea kwa huruma. Wanaiwasha mashine mpya, wanaiacha inguruma bure nusu siku "izoee". Hapana! Bila mzigo ringi hazisukumwi vya kutosha kwenye silinda. Silinda inang'aa kama kioo, na moshi wa buluu unarudi. Pima oili, washa, ipate moto dakika chache, kisha saga. Siku ya kwanza fungulia mahindi kidogo, uongeze siku hadi siku.

ZOEZI

1. Mashine husaga saa 5 kwa siku. Kitabu chake kinasema oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 25. Tukianza Jumatatu asubuhi, oili itamwagwa jioni ya siku gani?

2. Dukani kuna makopo mawili. Moja limeandikwa SAE 40, API SF. La pili SAE 40, API CF. Mashine ya dizeli itachukua lipi?