Dondoo Muhimu: Gari Lisilowaka Baada ya Injini Kufunguliwa

Gari lililoingia gereji likitembea, kisha likatoka mikononi mwa fundi haliwaki, aghalabu halikupata maradhi mapya, bali lina kitu kilichosahauliwa au kilichorudishwa siko. Kwa hiyo nakusihi, kabla ya kununua kipuri chochote, urejee kwanza pale pale palipoguswa.

Anza kwa kupima betri; iliyo nzima na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Utazame pia waya wa hasi unaounganisha injini na bodi, kwani ukilegea, stata hulia "tiki" moja ikanyamaza.

Ikiwa stata yaizungusha injini barabara lakini moto haushiki, na gari ni la petroli lenye distribyuta, hapo ndipo penye kisa. Zima swichi, ng'oa plagi zote, uzibe tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, na mwenzio aizungushe injini taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli; pumzi ikikisukuma kidole, nayo alama ya puli ikafika sifuri, rota yapasa kuwa karibu na waya wa silinda hiyo. Ikielekea upande wa pili, distribyuta imefungwa kinyume, kosa linalowapata hata mafundi hodari. Nyaya zilizosalia zifuate mpangilio wa injini yako, ambao kwa nyingi zenye silinda 4 ni 1-3-4-2.

Lakini kama mkanda wa taimingi ulibadilishwa, na injini yakwama katikati ya mzunguko, usiilazimishe kabisa, maana huenda valvu zinagonga pistoni. Mwite aliyeifunga, aifungue mbele yako.