Ulikataa kazi, sasa unaitaka: unarudije kwa mwajiri?



Masomo ya kusoma kabla: Mt 20:1-16; Mt 21:28-32; Mdo 13:13 na 15:36-40; 2 Tim 4:11.

Vijana wenzangu, kuna swali ambalo huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita huulizwa kwa sauti ya chini, kikao kikishakwisha na watu wakianza kutawanyika: "Frateri, kuna sehemu waliniita kazini nikakataa. Sasa naitaka ile kazi. Nikirudi si nitachekwa?"

Leo tulichukue swali hili kwa njia ambayo wana VIWAWA wanaifahamu, ile ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye baadaye alikuwa Kardinali: ona, amua, tenda. Mtakatifu Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa lote katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961.

1. TUONE

Watu hukataa kazi kwa sababu zinazoeleweka. Tuseme kijana amemaliza diploma ya uhasibu, na shule binafsi imemwita kwa mshahara mdogo. Wiki hiyo hiyo habari zinazagaa kwamba kuna rashi upande wa Nyarugusu, watu wanatoka na mawe mazuri. Anaikataa shule, anaingia kwenye duara na wenzake. Miezi 6 baadaye duara limejaa maji, na alichovuna yeye ni deni.

Au dada aliyesomea maabara. Zahanati imemwita, lakini mjomba anamwambia, "Subiri, nitakutafutia nafasi mgodini." Anasubiri. Siku hizi mjomba hapokei simu.

Mwingine alikataa kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuguza. Huyu hakufuata dhahabu wala ahadi. Alifanya wajibu wake.

Sasa jiangalie na wewe. Ulikataaje? Kuna aliyejibu kwa heshima, akasema asante, sitaweza. Kuna aliyenyamaza tu, akaacha simu iite mpaka ikakatika. Na kuna aliyekubali, pengine akasaini kabisa, halafu siku ya kuripoti hakuonekana. Watatu hawa hawarudi kwa namna moja.

Tuone pia upande wa mwajiri. Nafasi uliyoikataa huenda ina mtu. Huku kwenye ukanda wa dhahabu mambo hubadilika haraka: wakandarasi wanaingia na kutoka, na hata mgodi mkubwa una siku yake ya mwisho. Buzwagi pale Kahama uzalishaji ulikoma mwaka 2021. Kwa hiyo unaporudi usifikirie kwamba kiti chako kimefunikwa kitambaa, kinakusubiri.

2. TUAMUE

Katika Mwaka A, Dominika ya 25 na ya 26 zinatupa mifano miwili ya shamba la mizabibu, mmoja nyuma ya mwingine. Katika mfano wa pili baba anawaomba wanawe wawili wakafanye kazi shambani. Wa kwanza anakataa waziwazi, kisha anageuza moyo na kwenda. Wa pili anaitikia vizuri sana, kwa heshima zote, lakini haendi. Yesu anawauliza makuhani wakuu na wazee ni yupi aliyetimiza matakwa ya baba, na wao wenyewe wanajibu kwamba ni yule wa kwanza.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, "hapana" ya jana si hukumu ya maisha. Na ikiwa ulikataa kwa heshima, hukutenda dhambi hata kidogo. Usimwendee mwajiri kama mwana mpotevu anayerudi kutoka kwa nguruwe. Huna cha kuungama pale ofisini. Unachohitaji ni kusema ukweli.

Pili, na hapa ndipo wengi tunapojikwaa: anayelaumiwa katika mfano huu ni yule aliyesema "ndiyo" isiyo na miguu. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mwajiri jiulize: wiki ijayo wakisema kuna rashi mpya, nitabaki kazini? Mjomba akipiga simu ghafla, nitabaki? Kama jibu ni hapana, usirudi kwanza. Ukikubali tena na kuondoka tena, utakuwa umehama kutoka kwa mwana wa kwanza kwenda kwa yule wa pili.

Lakini mbona aibu inatushika hivi? Mtakatifu Thomas wa Akwino ana jambo zuri la kutuambia katika Summa Theologiae. Tumezoea kudhani kosa liko katika kujikweza peke yake. Yeye anafundisha kwamba hata udogo wa moyo ni kosa, yaani kukwepa jambo ambalo uwezo wake unao, kwa sababu ya woga. Anamtaja yule mtumishi aliyefukia talanta ya bwana wake ardhini. Basi, kijana mwenye diploma anayekaa kijiweni mwaka mzima kwa kuogopa watu watasema nini, asiite hali hiyo unyenyekevu. Anafukia talanta. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakujawahi kumvunja mtu mgongo.

Tukumbuke pia Yohane Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba njiani kule Perge, akarudi Yerusalemu. Baadaye Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa katakata, na wakubwa hao wawili wakatengana kwa ajili yake. Marko hakukaa akilia nje ya mlango wa Paulo. Alikwenda Kipro na Barnaba, akaendelea na kazi. Na katika barua ya pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo huyo huyo akiomba aletewe Marko, kwa maana anamfaa katika huduma. Kilichobadilisha picha ya Marko ni muda na kazi aliyoifanya katikati, pamoja na mtu mmoja aliyekubali kusimama naye.

Angalizo moja. Kama ulikataa kwa sababu walitaka ufanye kazi bila mkataba, au kwa malipo ya kukunyonya, basi unyenyekevu haukudai urudi kuomba unyonywe. Tangu Rerum Novarum ya Papa Leo XIII mwaka 1891, Kanisa linafundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Uliza kwanza kama hali imebadilika.

3. TUTENDE

Kwanza, sali, kisha umshirikishe mtu mmoja anayekufahamu: mlezi wa vijana, katekista, mwalimu wako wa zamani. Huyo anaweza kuwa Barnaba wako.

Pili, andika barua fupi, au nenda mwenyewe kama ni ofisi ndogo. Mwandikie yule yule aliyekuita mara ya kwanza. Inaweza kuwa hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, mwezi wa pili mlinipa nafasi ya uhasibu na sikuipokea, kwa kuwa niliamua kujaribu uchimbaji. Kazi hiyo nimeiacha, na sasa natafuta kazi ya kudumu katika fani yangu. Kwa miezi hii nimekuwa nikitunza hesabu za kikundi chetu. Kama ipo nafasi, ile au nyingine, sasa au baadaye, naomba nifikiriwe. Nashukuru kwa kuniamini mara ya kwanza."

Basi, inatosha. Kama ulinyamaza au ulisaini ukapotea, ongeza sentensi moja: "Sikuwapa taarifa, mkapata usumbufu, naomba radhi." Usijitetee ukurasa mzima.

Tatu, usidanganye. Bibi asifishwe kwa ajili ya barua yako. Kahama na Geita watu wanafahamiana, na mwajiri anayekupa hesabu zake au dawa zake anatafuta kwanza mtu mkweli.

Nne, usimpe hela mtu anayedai atakurudisha kwa mlango wa nyuma. Anayekuuzia nafasi ya kazi ni tapeli, au anakuuzia rushwa.

Tano, wakikataa, shukuru na uendelee. Mwajiri si Mungu, na "hapana" yake haikufuti thamani. Katika ule mfano wa kwanza, mwenye shamba alirudi sokoni hata saa kumi na moja jioni, akawakuta watu bado wamesimama pale na kuwaajiri. Waliajiriwa kwa sababu walikuwapo. Baki mahali unapoonekana: jitolee kutunza hesabu za jumuiya, fundisha watoto tuisheni, shika kibarua halali.

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Kinachonizuia kurudi ni sababu ya kweli, au ni maneno ya watu?
2. Je, kuna mtu niliyemwachia usumbufu kwa kunyamaza kwangu?
3. "Ndiyo" yangu ya sasa ina miguu?

Ukiweza, wiki hii zungumzeni maswali haya kwenye jumuiya yenu ndogo ndogo. Mara nyingi mwenye shida hii amekaa pembeni yako na hajasema.

SALA

Ee Mungu Baba yetu, wewe unatuita shambani mwako kila saa ya siku. Wasaidie vijana wa ukanda huu wanaotafuta kazi. Utuondolee kiburi kinachotufanya tudharau kidogo, na woga unaotufanya tusibishe hodi. Utupe ulimi wa kweli na miguu ya kutimiza tunachoahidi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.